Injini ya Debe Moja na Nusu

Katika kitongoji kimoja cha Ganze, chini ya kibanda cha mabati yaliyoshika kutu, mna mashine ya kusagia mahindi ambayo haijanguruma tangu kinu cha umeme kilipofunguliwa sokoni. Mwenyewe ni mzee wa Kigiriama aliyeitumikia tangu ujana wake, kwanza akiwa kibarua wa kuzungusha hendeli, hatimaye akiwa mmiliki. Macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho. Masikio yangali makali.

Jioni moja mjukuu wake, kijana aliyehitimu ufundi wa magari, aliketi karibu naye akitazama filamu fupi katika simu. Mzee hakuiona picha. Alisikia mlio tu: mapigo mazito yaliyoachana, kila pigo likijisimamia kama mchi unaoshuka kinuni.

"Hiyo ni mashine ya kusaga ya nani?" akauliza.

"Si ya kusaga, babu. Ni gari la mbio."

Mzee akacheka. Gari la mbio alilijua kwa sauti. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuwa imewafunza Wakenya wengi mlio wa injini ndogo zinazolia kwa kasi kama nyuki waliochokozwa. Hili lilikuwa likikohoa.

Lakini kijana alisema kweli. Lilikuwa Fiat S76, lililoundwa Turin, Italia, kati ya mwaka 1910 na 1911, kwa nia ya kulipiku gari la Wajerumani, Blitzen Benz, lenye injini ya lita 21.5. Waitalia walijibu kwa injini ya silinda nne, kila silinda ikiwa na upana wa milimita 190 na mwendo wa pistoni wa milimita 250. Jumla yake ni lita 28.4, yaani karibu debe moja na nusu. Huenda msomaji akashangaa kwa nini watu wenye akili timamu waliunda dude kama hilo. Sababu ni kwamba vyuma, vali na mafuta ya zama hizo havikustahimili mizunguko mingi. Fundi aliyetaka nguvu zaidi hakuwa na budi kuongeza ukubwa. S76 ilitoa takribani nguvu za farasi 300 kwa mizunguko isiyozidi 2,000 kwa dakika, ilhali injini za Formula One za tangu mwaka 2014, zenye lita 1.6 tu, zinaruhusiwa kufikia mizunguko 15,000.

Hapo ndipo sikio la mzee lilipodhihirika kuwa halikukosea. Mashine yake ni Lister, ya aina iliyoundwa Dursley, Uingereza: silinda moja ya lita 1.4, nguvu za farasi sita, mizunguko 650. Kwa ukoo wa mlio, gari lile la Turin liko karibu zaidi na kibanda cha Ganze kuliko na gari lolote linalopita leo katika barabara ya Malindi.

Mwaka 1913 dereva Arthur Duray aliliendesha S76 huko Ostend, Ubelgiji, likafikia takribani kilomita 213 kwa saa. Hakufanikiwa kukimbia upande wa kurudi, kwa hiyo rekodi haikutambuliwa. Magari yalikuwa mawili. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza moja lilivunjwavunjwa, na jingine likaishia Australia bila injini yake ya asili. Mwingereza Duncan Pittaway ndiye aliyeipata fremu ya lile la Australia na kuioanisha na injini iliyosalia ya mwenzake. Alitumia zaidi ya miaka kumi. Injini ikawaka mwishoni mwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata umati ukaisikia Goodwood, baada ya kimya cha karibu karne nzima.

Kijana alimsimulia babu pia habari za Babs, gari lenye injini ya ndege ya lita 27, lililomuua dereva wake, Parry Thomas, katika ufuo wa Pendine, Wales, tarehe 3 Machi 1927. Gari lilizikwa mchangani papo hapo. Mwaka 1969 Owen Wyn Owen akalifukua, akalitengeneza hata likatembea tena.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Afadhali wao walilizika. Sisi tunauza kwa kilo."

Maana mnunuzi wa vyuma chakavu alikwisha kufika na mizani yake. Mara ya kwanza mzee aliponea marufuku ya biashara hiyo iliyotangazwa na serikali Januari 2022. Marufuku ilipoondolewa, mnunuzi akarejea. Naye mjukuu wa kike yu kidato cha tatu, na karo haingoji. Katika nchi ya ukame kama Ganze, kufufua chuma kwa mapenzi tu ni anasa, na hoja hiyo haipuuziki. Mwenye gari la Turin hakulazimika kuchagua baina ya pistoni na daftari.

Hata hivyo kijana aliomba wiki mbili. Alikwenda Bamba, akapata Lister nyingine iliyokufa, akanunua pampu yake ya dizeli kwa fedha za vibarua. Aliifunga akiongozwa na vidole vya babu, vilivyojua kila nati bila macho.

Ijumaa walijaribu. Mzee aliinua vali, kijana akazungusha hendeli kwa mikono miwili, na magurudumu mawili ya chuma yaliposhika kasi, mzee akaiachilia. Mashine ikapiga mara moja. Ikapiga ya pili. Moshi mweusi ukatoka, kuku wakatawanyika, majirani wakachungulia. Kisha ikazima.

"Dizeli inachelewa," mzee akasema, kichwa kimeinama upande mmoja. "Ifungue tena hiyo pampu."

Mnunuzi alikuwa ameahidi kuja kesho yake asubuhi. Kijana akatandika gunia chini, akamimina mafuta ya taa katika sufuria, akaanza kulegeza nati ya kwanza.