Baa iliyogeuka hospitali na boma la kijijini kwetu

Baa si mahali ambapo mzazi anafikiria kumpeleka mtoto mgonjwa. Lakini kuna baa moja ya zamani, ndani kabisa ya Australia, ambayo tangu nisome habari zake nimekuwa nikiwasimulia watu wa kijijini kwetu mpaka wengine wamenichoka.

Mji unaitwa Birdsville. Uko jimbo la Queensland, pembeni mwa jangwa la Simpson, karibu kilomita 1,600 kutoka Brisbane. Wakazi wake hawafiki 200. Desemba 1972 joto lilifika nyuzi 49.5. Miaka ya 1880 walipita hapo wachungaji wakiswaga ng'ombe kwenda sokoni kusini, na mtu wa safari hiyo anahitaji kinywaji na kitanda. Ndiyo maana hoteli ya huko ni baa yenye vyumba, kama gesti zetu. Birdsville Hotel, ya mwaka 1884, inauza bia hadi leo. Jirani yake wa miaka hiyohiyo, Royal Hotel, ndiyo ninayoizungumzia.

Zote mbili zilijengwa kwa mawe ya hapohapo. Miti ya mbao nzuri ilikuwa adimu, na mizigo ya mbali ilibebwa kwa ngamia na mikokoteni. Basi kuta zikawa za mawe, nyumba ikawa ya chini isiyo na ghorofa, juu bati. Nilipoona picha nilikumbuka nyumba za Mji Mkongwe, Unguja: ukuta mnene wa mawe huchelewa kupata moto, na jua likiwa kali nje, ndani panakalika. Mafundi wale walimfikiria mnywaji aliyechoka. Hawakujua kuwa wanamjengea mama mzazi.

Mwaka 1923 Australian Inland Mission, shirika la Kanisa la Presbiteri lililoongozwa na mchungaji John Flynn, lilipanga Royal Hotel na kuifanya hospitali ya wauguzi. Narudia: wauguzi, si madaktari. Walihudumia humo hadi 1937, lilipopatikana jengo la hospitali hasa. Miaka 14 ndani ya baa! Katikati ya miaka hiyo, 1928, Flynn akaanzisha huduma ya madaktari wa ndege, na mwaka uliofuata Alfred Traeger akaleta redio inayopata umeme kwa kukanyaga pedali, ili aliye mbali aweze kuita msaada. Mbio za farasi za Birdsville, zilizoanza 1882, bado huchangia fedha za ndege hizo. Huku kwetu Amref nayo ilianza 1957 kama madaktari wa ndege.

Leo Royal Hotel ni gofu linalolindwa kisheria kama urithi. Ardhi yenyewe ni ya Wangkangurru Yarluyandi, waliokuwepo kabla ya jiwe la kwanza la baa, kwa hiyo anayehesabu historia ya hapo kuanzia 1880 anaanzia katikati.

Kijijini kwetu hatuna gofu, tuna boma. Wananchi walichangia matofali ya zahanati, mama yangu alitoa gunia la mahindi, kuta zikafika kwenye lenta. Zimeishia hapo tangu nikiwa sekondari. Kila tukiuliza tunaambiwa muuguzi ataletwa jengo likikamilika.

Mwaka jana dada yangu alishikwa na uchungu usiku. Alipakiwa kwenye bodaboda, shangazi nyuma akimshikilia, kituo cha afya kikiwa kilomita 19. Mtoto alizaliwa njiani, kando ya godauni la zamani la pamba. Namshukuru Mungu wote wawili ni wazima. Godauni hilo lina kuta nene na bati zima, na ndani hamna kitu zaidi ya popo.

Ninaandika habari za afya, hivyo sababu ya vipimo vya majengo ninaijua. Chumba cha kujifungulia kinahitaji maji, mwanga, faragha na mahali pa kutupa taka salama. Siombi mama azalie juu ya magunia. Lakini kupima watoto uzito, chanjo, kliniki ya wajawazito, muuguzi mmoja wa kumwambia mama mapema kuwa huyu asisubiri uchungu nyumbani, hayo yote yanasubiri lenta ya nini? Wa Birdsville walileta watu kwanza, jengo likafuata.

Wiki iliyopita nilimwonyesha mama picha ya Royal Hotel kwenye simu. Hakuuliza habari za mawe.

"Godauni letu lina madirisha mangapi?"

Tulihesabu pamoja. Manne, ila mawili yamezibwa kwa matofali. Akasema mkutano wa kijiji ni Jumamosi, na fundi atampata yeye.