Kutoka Chwele Hadi Gari la Moshi la Mombasa

Chwele ni mji wa soko ulio chini ya Mlima Elgon, katika Kaunti ya Bungoma, mahali zinapokutana njia za Bungoma, Kimilili na Sirisia. Siku ya soko malori hujaa vitunguu, nyanya, ndizi na viazi vilivyoteremshwa kutoka mlimani, na wachuuzi hufika hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Uganda. Watu wa namna hii hawaogopi safari. Wengi wana ndugu au watoto wafanyao kazi pwani, na inapotokea arusi, ugonjwa au msiba, hapana budi mtu afunge mzigo aende Mombasa, tena upesi.

Zamani njia ilikuwa moja. Tawi la reli liliingia Kitale mwaka 1926, na reli kubwa ipitayo Bungoma ilifika Kampala mwaka 1931, hata mtu wa Chwele akawa kati ya stesheni mbili. Alipanda gari Bungoma, akapita Webuye, ambayo siku hizo iliitwa Broderick Falls, kisha Eldoret na Nakuru, akashuka Nairobi. Gari la Mombasa alilingoja katika stesheni ile ile, ameketi juu ya mzigo wake, bila kutoka nje ya ua.

Siku hizi mtu wa Chwele hapandi tena treni ya abiria Bungoma wala Kitale. Mwenye nafasi ya kutosha hupanda basi mpaka Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 400, na mara nyingi husafiri usiku kucha. Mwenye haraka, kama anazo fedha, hutafuta ndege. Hutoka Chwele kwa matatu kwa njia ya Kimilili mpaka Kamukuywa, akashika barabara kuu ya Kitale ambako kuna kiwanja kidogo cha ndege. Au huelekea Webuye na Turbo mpaka Eldoret, ambako kiwanja ni kikubwa zaidi na kiko nje ya mji, katika barabara ya Kapsabet. Angani hakai hata saa mbili. Sehemu hii ya safari haina taabu ila ya nauli.

Taabu huanza anapotua Nairobi, maana Nairobi ina viwanja viwili vya ndege za abiria na stesheni mbili ziitwazo za Nairobi, na wenyeji husema "kiwanja" na "stesheni" kana kwamba kila kimoja ni pekee.

Kiwanja cha kwanza ni Wilson, katika barabara ya Lang'ata, karibu na mji. Ni cha zamani. Kilianza mwaka 1929, na jina lake ni la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la ndege mwaka huo huo. Ndege nyingi ndogo za ndani ya nchi hutua hapo. Kiwanja cha pili ni kile cha Embakasi, kilichofunguliwa na Gavana Evelyn Baring mwezi wa Machi, 1958. Sehemu ya kazi yake ilifanywa kwa mikono ya wafungwa waliokamatwa wakati wa Mau Mau, jambo ambalo abiria wengi wapitao hapo hawalijui. Tangu mwaka 1978 kinaitwa Jomo Kenyatta. Basi yafaa msafiri asome tiketi yake kabla ya kutoka nyumbani, ajue atashushwa wapi, kwa kuwa viwanja hivi viko pande mbalimbali za mji.

Stesheni nazo ni vivyo hivyo. Ile ya zamani iko mjini, karibu na barabara ya Haile Selassie, pale ambapo reli kutoka Mombasa ilifika mwaka 1899 kabla Nairobi haijawa mji. Lakini gari la Mombasa haliondoki hapo tena. Reli mpya, iliyo pana kuliko ile ya kale, ilifunguliwa tarehe 31 Mei, 2017, na stesheni yake kubwa ilijengwa nje kabisa ya mji, upande wa Syokimau, si mbali na kiwanja cha Jomo Kenyatta.

Hapa ndipo watu hukosa gari. Tuseme mkulima wa Chwele ametua Jomo Kenyatta saa saba mchana, naye ana tiketi ya treni ya haraka iondokayo saa tisa. Kijana wa teksi anamwuliza, "Shikamoo mzee, nikupeleke wapi?" Naye anajibu, "Marahaba, mwanangu. Nipeleke stesheni ya Nairobi." Jibu hilo si kosa, lakini laweza kumpeleka mjini, akiipa kisogo treni iliyokuwa karibu naye, na kurudi katika msongamano wa barabara ya Mombasa kwaweza kummaliza muda wote uliobaki. Hata akisema "Syokimau" tu, bado hajasalimika, kwa sababu Syokimau kuna stesheni nyingine ndogo ya treni za wafanyakazi, iliyofunguliwa mwaka 2012. Haiko mbali na ile kubwa, lakini si moja nayo. Neno la kusema ni "esijiaa", jina ambalo watu wa mjini wameipa reli mpya kutokana na herufi zake za Kiingereza. Kila dereva analifahamu.

Atuaye Wilson ana njia mbili. Aweza kukodi gari moja kwa moja, na dereva akiomba fedha za kupita barabara ya juu, ile ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, heri akubali kama saa zimekwenda. Au aweza kuingia mjini mpaka stesheni ya zamani, akapanda treni ndogo iendayo stesheni mpya, ambayo nyakati zake zimepangwa zikutane na safari za Mombasa. Nauli ya treni hii ni ndogo sana kuliko ya teksi, nayo haizuiliwi na magari barabarani. Kwa mtu asiye na mizigo mingi hiyo ndiyo njia bora, ingawa wenye teksi hawataisifu.

Asidhani kwamba kufika langoni ndiko kupanda. Tiketi huandikwa jina na namba ya kitambulisho, na visipolingana abiria atapata shida. Mizigo hupangwa chini kwa safu, mbwa wa polisi wakainusa, kisha hupitishwa katika mashine. Panga la shambani litabaki hapo. Kuku hai, ambaye kwa watu wa Bungoma ni zawadi ya heshima kuliko zote, afadhali aachwe Chwele na mwenyeji wa pwani apelekewe vitunguu. Haya yote huchukua muda, na treni ya saa tisa huondoka saa tisa. Kwa hiyo abiria awe amefika saa nzima kabla. Aliyechelewa huenda akangoja ile ya saa nne usiku, kama nafasi zimesalia.

Akisha keti, kazi imekwisha kwa muda wa saa tano au zaidi. Hupita Mtito Andei na Voi, na kati ya mbuga za Tsavo huenda akaona ndovu wekundu kwa vumbi. Gari husimama Miritini, na Miritini si kisiwani. Nje ya stesheni hiyo madereva nao humwuliza aendako, na hapo pia inampasa ataje mtaa: Likoni, Kisauni, au Mombasa mjini.