Boti ya Kunduchi Yaelekea Ukara

Fundi wa Kunduchi aligonga ubavu wa boti kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Karibu na tezi mlio ulibadilika, ukawa butu.

"Hapa pameshashiba maji, mwanangu. Ukiipeleka ziwani hivi hivi, itatoka malengelenge tumbo zima."

Ilikuwa boti ya faiba ya mita nane, nimeinunua kwa mvuvi aliyestaafu, ikavushe watu kati ya Bugolora, Ukerewe, na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Wengi walinipongeza: boti imetoka kwenye chumvi ya bahari, sasa itapumzika. Mimi sikubaliani nao. Chumvi inakula chuma, hilo halina ubishi, lakini maji baridi nayo yana njaa yake. Ndani ya faiba mna chembechembe zinazoyeyuka, nazo huvuta maji. Kadiri maji ya nje yanavyokosa chumvi, ndivyo mvuto unavyozidi. Kwa hiyo tuliipandisha juu ya magogo ikauke kabisa, tukaiparuza, tukaipaka epoksi. Wenye mashua za mbao wana hesabu nyingine: minyoo wanaotoboa mbao baharini hufa wakifika ziwani, ila kuvu hustawi, na mbao iliyokuwa ikihifadhiwa na chumvi huanza kuoza.

Injini tuliitumbukiza kwenye pipa la maji ya bomba, tukaiwasha. Fundi alikinga kiganja kwenye tundu linalotema maji, akaonja, akatikisa kichwa. Maji yakamwagwa, yakajazwa mengine, akaonja tena. Chumvi iliyoganda kwenye njia za kupoza injini haitoki kwa suuza moja, na ikiachwa humo inaendelea kula aluminiamu hata ukiwa umeiacha bahari mbali. Alipoonja na kunyamaza, nilijua tumemaliza. Kisha akafungua kile kipande cha zinki kinachofungwa chini ya injini, kinachoachwa kiliwe ili metali nyingine zipone. Katika maji baridi zinki hujifunika ganda gumu na kuacha kazi. Akafunga cha magnesiamu.

Tulisafiri kwa lori, Chalinze, Morogoro, Dodoma, tukisimama mizani na kukaza mikanda. Kati ya Dodoma na Manyoni barabara hukaribiana na Reli ya Kati, nikawa naifikiria meli ambayo leo tunaiita MV Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni hadi Kigoma, ikashushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mbele ya kazi ile, yetu ilikuwa nyepesi. Mlima Sekenke ndio pekee uliotutia hofu: dereva alishuka kwa gia ndogo hadi tambarare ya Wembere, nasi tuliokuwa naye hatukusema neno.

Mwanza boti ilielea vizuri, lakini injini ikawa mvivu na kutoa moshi mweusi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, petroli inazidi. Fundi wa pale alirekebisha kabureta na kufunga propela yenye mpindo mdogo zaidi, injini ikapata pumzi.

Lililobaki lilikuwa kubwa kuliko yote. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Ya ziwa ina 1,000. Boti ileile, na mzigo uleule, ziwani huzama zaidi. Yetu ikijaa hadi mstari mwekundu wa ubavuni hubeba, pamoja na uzito wake, kama tani tatu. Asilimia mbili na nusu ya hapo ni kilo 75, mtu mzima mmoja. Wapo waliosema tuupandishe mstari kidogo, nani atajua? Nilikataa. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara, ikiwa imezidisha abiria, na zaidi ya watu 220 wakafa. Njia ni hiyohiyo tunayopita sisi. Mstari ulibaki palepale, na kiti kimoja kikang'olewa.

Siku ya kwanza Bugolora mama mmoja alifika na kikapu chake, abiria wakiwa wametimia, majaketi yamefungwa.

"Mbona pale pana nafasi, baba?"

"Pana nafasi ya kukaa, mama," nahodha alimjibu, akamwonyesha ubavuni, "lakini maji yameshagusa mstari. Tunakuja kukuchukua."

"Basi msikawie, jioni ziwa linachafuka."

Hatukukawia. Safari ya pili alipanda wa kwanza.