Siku Nne Langkawi: Wali wa Nazi, Milima na Kaburi la Bibi Mahsuri



Kila msimu wa harusi ukikaribia huulizwa suala lile lile: tukitaka kwenda fungate nje, twende wapi tule bila wasiwasi, tusali bila kutafuta pembe ya kujificha, na tujistiri bila ya kukodolewa macho? Alhamdulillah, leo nina jibu. Mimi na mume wangu tulijaaliwa siku nne Langkawi, kisiwa cha jimbo la Kedah, kaskazini magharibi ya Malaysia, karibu na mpaka wa Thailand. Kutoka Kuala Lumpur ni mwendo wa saa moja kwa ndege. Wenyewe husema visiwa vyao ni 99, na maji yakipwa huongezeka vichache. Sisi watu wa visiwani tunaelewa maneno hayo bila ya kuelezwa.

Kitu cha mwanzo kilichonituliza moyo ni wanawake wenyewe. Wanauza maduka, wanaendesha magari, wanapokea wageni mahotelini, wote na mitandio yao na baju kurung, vazi refu pana linaloshuka juu ya sketi. Baibui langu halikumshangaza mtu. Wamalay ni watu wa madhehebu ya Shafi kama sisi, hata kunuti ya Alfajiri wanaisoma. Katika msikiti wa Al-Hana, mjini Kuah, upande wa wanawake zimetundikwa telekung, nguo nyeupe za kusalia, kwa ajili ya mpita njia yeyote. Unavaa, unasali, unairudisha pahala pake.

Ila tahadhari moja. Langkawi haitozwi ushuru wa bidhaa tangu 1987, kwa hivyo pombe nayo inauzwa waziwazi na kwa bei rahisi, na ufukwe wa Pantai Cenang una watalii wa kila namna. Kabla hujakaa kula, tafuta nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali inayosimamia mambo hayo. Ukiiona, vuta kiti.

Sasa tuje kwenye chakula, maana najua ndiko mnakokusubiri. Asubuhi ya mwanzo tulikula nasi lemak. Ni wali wa nazi, jamani, huu huu wetu! Ila wao wanautia jani la pandan, jamaa ya rampe tunayoitia kwenye vikuba, basi wali unanukia kama chumba cha biharusi. Pembeni wanaweka dagaa wa kukaanga, njugu, tango, yai na sambal, pilipili iliyopikwa na vitunguu mpaka ikaingia utamu. Mume wangu alimaliza sahani yake, akaanza kuitazama yangu.

Roti canai nayo ni ndugu wa chapati yetu ya kusukuma, lakini mpishi haisukumi. Anaurusha unga hewani mpaka unakuwa mwembamba kama mtandio, kisha anaukunja na kuuchoma. Unachovya kwenye mchuzi wa dengu, unashushia na teh tarik, chai ya maziwa matamu ya kopo inayomiminwa kutoka juu, kikombe hadi kikombe, mpaka inatoa povu. Na laksa ya Langkawi ni tambi za mchele ndani ya mchuzi mzito wa samaki wenye uchachu. Mla urojo hatapata tabu nayo.

Usiku nendeni pasar malam, soko la usiku. Soko hili linahama, leo kijiji hiki, kesho kile, kwa hivyo ulizeni hotelini zamu ni ya wapi. Kuna mishkaki ya kuchovya kwenye mchuzi wa njugu, samaki wa kuchoma ndani ya jani la mgomba, ndizi za kukaanga, na cendol, yaani barafu iliyoparuzwa ikamwagiwa tui na sukari ya mnazi, na vijitambi vya kijani juu yake. Tulikula tumesimama, kama tuko Forodhani.

Kwa matembezi, gari la waya linapanda mlima Machinchang mpaka kiasi cha mita 708. Miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka milioni 500, na tangu 2007 UNESCO imeitambua Langkawi kwa ajili ya mawe yake hayo. Juu kuna daraja la kutembea kwa miguu, mita 125, limepinda kama mwezi mchanga na limening'inizwa kwenye nguzo moja tu. Nilisoma Ayatul Kursiy mwanzo mpaka mwisho, mkono wa mume wangu nimeukamata kweli kweli. Ukungu ulipofunguka tukaviona visiwa chini vimetawanyika baharini. Subhanallah. Siku ya pili tulipanda mashua kupita kwenye mikoko ya Kilim, tukawaona tai wanashuka kuchukua samaki juu ya maji.

Lakini pahala nilipopachukua moyoni ni kaburi la Bibi Mahsuri.

Wenyeji wanasimulia kwamba Mahsuri alikuwa mzuri wa sura na wa tabia, na wazazi wake walihamia hapo kutoka Phuket. Aliolewa na Wan Darus, ndugu wa mkuu wa kisiwa. Mume akaenda vitani, na nyuma yake akapita mgeni, msimulizi wa hadithi jina lake Deramang, akapokewa nyumbani kwao. Mke wa mkuu wa kisiwa alikuwa na husuda ya siku nyingi. Akalitia neno: Mahsuri anazini na mgeni. Neno likatembea, likaaminiwa, na Mahsuri akafungwa kwenye mti akachomwa kwa jambia. Inasemwa damu yake ilitoka nyeupe, na kwamba alikilaani kisiwa vizazi saba. Mwaka unaotajwa ni 1819. Mwaka 1821 jeshi la Siam likaivamia Kedah, Langkawi ikaangamia, na pale Padang Matsirat mpaka leo wageni huoneshwa pahala watu walipouchoma moto mchele wao usiangukie kwa adui.

Damu nyeupe na laana ni masimulizi ya wazee. Dini yetu inatufundisha kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyengine. Kilichonisimamisha pale kaburini ni jengine. Watu wale walikuwa Waislamu. Suratun Nur walikuwa nayo, kama sisi tulivyo nayo: anayemsingizia mwanamke aliyejihifadhi na asilete mashahidi wanne, adhabu yake ni mijeledi 80, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Sura hiyo hiyo ndiyo iliyomsafisha Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, baada ya Madina kumsema karibu mwezi mzima. Katika kisa cha Mahsuri, hakuna aliyeuliza mashahidi wako wapi. Na aliyelianzisha neno alikuwa mwanamke mwenziwe.

Biharusi wangu, wangapi kati yetu waume wao wako Muscat, Dubai au baharini? Tunajua neno linavyoanza: gari lilisimama mlangoni kwake, simu yake usiku haipokelewi, picha fulani imeonekana kwenye kundi. Namjua dada aliyepewa talaka kwa maneno ya namna hiyo, mume hajamuuliza hata suali moja. Uongo ulijulikana baadaye, na yeye ameshavunjikiwa nyumba.

Pale kuna nyumba za zamani za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo. Tulikaa kwenye ngazi za moja wapo, nikamwambia mume wangu: nikisemwa, niulize mimi kabla hujaamini. Akanyamaza kidogo, akajibu, "Na wewe pia. Na mama yangu akisema, vile vile utaniuliza mimi." Tukapeana mikono. Nawanasihi muliweke sharti hili mapema, muda bado munapendana na hakuna aliyekasirika. Na sisi wenyewe, tukiletewa habari ya mwenzetu, tuulize "mashahidi wako wapi?" au tukae kimya. Kusikiliza nako ni kushiriki.

Kwa wanaopanga safari, miezi ya Disemba hadi Machi haina mvua nyingi. Gari la waya husimamishwa upepo ukiwa mkali, basi msilibakishie siku ya mwisho. Wekeni nafasi kwenye mabegi, maana vyombo vya jikoni na chokoleti ni rahisi. Na mtakutana na mafuta ya gamat kila duka: ni jongoo bahari, yule yule wa kwetu, wao wanayatumia kwa kuchua na kupaka vidonda.

Allah awajaalie fungate zenye furaha, azihifadhi heshima zetu tukiwepo na tusipokuwepo, na atuhifadhi na ndimi za watu na za kwetu wenyewe. Amin.