Kijia ni Mali ya Nani?

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Katika insha hii nakusudia kuonyesha kuwa mkono mmoja haulei hata njia. Nimeishi katika mitaa ya Eastlands tangu utotoni, na kwa miaka kadhaa sasa naendesha baiskeli ya milimani kutoka Umoja hadi maktaba ya Makadara. Huenda msomaji akastaajabu: baiskeli ya milimani mahali pasipo na mlima? Magurudumu yake mapana huhimili mashimo, matope na mawe, na hayo tunayo tele.

Tofauti iliyopo kati ya magharibi na mashariki ya Nairobi haikuletwa na maumbile pekee. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu maeneo ya juu yenye udongo mwekundu na misitu. Waafrika wakapangiwa uwanda wa mashariki, wenye udongo mweusi unaonata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mitaa kama Kaloleni na Makongeni ilizaliwa katika mpango huo. Ndiyo maana, hadi leo, mkazi wa Kayole anayetamani kuendesha baiskeli chini ya miti hana budi kuvuka mji mzima hadi Karura na kulipa kiingilio langoni.

Karura yenyewe ina funzo. Mnamo Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa huko walipokwenda kupanda mti kupinga unyakuzi wa msitu. Baadaye, Sheria ya Misitu ya 2005 iliruhusu vyama vya wenyeji kushirikiana na serikali katika usimamizi wa misitu, na chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kikawa mfano mashuhuri. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000, ambao zamani watu waliuogopa kwa sababu ya majambazi, sasa una vijia vilivyotengwa kwa waendao kwa miguu na waendeshao baiskeli. Vijia hivyo havikuletwa na sururu pekee. Viliwezekana kwa sababu kwanza watu walikubaliana kwamba msitu ni wa wote.

Je, jambo hili lawezekana Eastlands, mahali ambapo kila shubiri ya ardhi ina mdai? Vijana wa mtaa wetu walijaribu. Palikuwa na kipande cha njia kando ya mto, kilichojaa taka na maji machafu, ambacho watoto walikipitia kwenda shuleni ili wasitembee kando ya barabara kuu. Tulianza kukisafisha Jumamosi asubuhi, kwa majembe ya kuazima na toroli moja iliyopinda gurudumu.

Upesi tuligundua kuwa adui mkubwa wa kijia ni maji. Kijia kinachoteremka moja kwa moja kuelekea mtoni hugeuka mfereji mvua inaponyesha. Baada ya msimu mmoja hubaki korongo. Sharti kikate mteremko kwa ubavu, na uso wake uinamishwe kidogo kuelekea upande wa chini ili maji yapite juu yake bila kutulia wala kukimbia. Udongo wetu mweusi nao una ukaidi wake. Ukipitiwa ungali chepechepe, gurudumu huuchimba na kuubeba. Kwa hiyo tulitandaza mawe na changarawe palipokuwa pabaya zaidi, tukakubaliana kwamba siku za mvua baiskeli zipumzike.

Lakini kazi ya jembe ilikuwa nyepesi kuliko kazi ya maneno. Mama mmoja aliyekuwa na shamba dogo la sukumawiki kando ya mto alihofia kwamba tumetumwa kumfukuza. Mzee mmoja alitaka kujua tumepewa kibali na nani. Waokotaji wa chupa waliuliza watapitisha wapi mikokoteni yao. Tulikaa vikao vitatu chini ya mti. Mwishowe kijia kilizunguka shamba la mama yule, kikapanuliwa ili mkokoteni upite. Mimi niliyezoea kufafanua dhana ya ushirikishwaji katika karatasi za semina niliielewa pale: ni kukubali njia ipinde.

Kama mwanafunzi wa fasihi, nilivutiwa pia na majina. Lugha yetu ina utajiri katika jambo hili: njia, ujia, kijia, uchochoro, kipenyo, mapito. Hata hivyo maneno haya hayana hadhi sawa. Uchochoro hutajwa panapotajwa wezi, na njia ya panya ni ya magendo. Kipande chetu kiliitwa “kwa wezi” hata na watu ambao hawakuwahi kuibiwa hapo. Miezi michache baada ya kusafishwa, nilimsikia mtoto akimwambia mwenzake wapitie “njia ya shule”. Hakuna aliyeupiga kura ubatizo huo. Walioitumia njia ndio walioipa jina, na jina likawapa watu wazima ujasiri wa kuipita jioni.

Ushindi wetu ulikuwa mdogo, tena haukudumu wote. Sehemu moja ilizungushiwa mabati na mtu aliyedai kuinunua, nasi hatukuwa na hati ya kumwonyesha. Kisha mafuriko ya 2024 yakaja. Serikali iliamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka kingo za mito, na nyumba nyingi zikabomolewa Mathare, Mukuru na kwingineko. Mwanafunzi niliyekuwa nikimfundisha insha alihamia kwa shangazi yake, akaniuliza iwapo mahali walipolala pataota maua. Machi 2025 mradi wa kuuhuisha Mto Nairobi ulizinduliwa rasmi, na swali lake limezidi kuniandama. Ukingo safi wenye miti na njia ya baiskeli ni jambo jema. Lakini ukijengwa juu ya vifusi vya watu wasioulizwa, utakuwa bustani ya wageni.

Katiba ya 2010, ibara ya 69, inaitaka serikali ihimize ushiriki wa wananchi katika kuyahifadhi mazingira. Basi ushiriki huo uanze kabla ya ramani kuchorwa. Vijia viunganishe mahali ambapo watu tayari wanakwenda: shule, masoko, zahanati, na maktaba za Kaloleni na Makadara, ambazo zimekarabatiwa na shirika la Book Bunk kwa kushirikiana na serikali ya kaunti. Vijana wanaovitunza walipwe, kwa sababu kijia kisichofyekwa hufa. Na njia za umma ziandikwe katika hati, ili mabati yasiwe na neno la mwisho.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu pia. Mikutano ya kujadili mipango ya jiji mara nyingi hutumia nyaraka za Kiingereza ambazo mama wa sukumawiki hawezi kuzihoji. Tukizifasiri kwa lugha anayoielewa, tutakuwa tumebeba jembe letu. Umoja ni jina la mtaa ninamoishi. Kazi iliyobaki ni kulistahili.