Ua la Lingeka

Niliingia Lingeka, kata ya wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, jioni moja ya Agosti, nikiwa na rangi ya vumbi sawa na kila kitu kilichonizunguka. Asubuhi nikatoka kutembea kwa miguu, nimejipangia kutafuta bustani. Mama mwenye nyumba aliponisikia akashangaa. "Bustani ya mboga? Hiyo iko mtoni, baba, na mto wenyewe umekauka." Akacheka, akachukua karai la maji aliyooshea vyombo, akaenda kuyamwaga katikati ya rundo la matawi ya mgunga kando ya jiko. Niliposogea nikaona mle ndani kuna mche wa mpapai, majani manne tu, umezungushiwa miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia.

Kuanzia hapo nikaacha kutafuta maua, nikawa natafuta miiba. Mavuno yakishaisha mbuzi wanaachiwa kuzurura, na mbuzi wa kiangazi hana adabu. Nilimwona mmoja akitafuna mfuko wa saruji. Kwa hiyo kila kitu kibichi ambacho mtu anakipenda kimefichwa. Rundo hili, mlimao. Rundo lile, mwarobaini wa kivuli cha miaka kumi ijayo. Nyuma ya nyumba moja, kopo la rangi lililotobolewa kitako, lina vitunguu vya majani, nalo limefungiwa miiba pande zote kama mahabusu. Halafu nikafika kwenye rundo moja ambalo ndani yake hapakuwa na kitu. Mtoto wa miaka kama sita alikuwa amesimama pembeni na fimbo, analinda.

"Umepanda nini?"

"Mwembe."

"Uko wapi?"

"Bado," akasema, akanionesha kwa fimbo nipite mbali kidogo.

Kiswahili kina neno moja, ua, la kitu kinachochanua na la kitu kinachozuia. Tofauti unaisikia pale tu unapoongeza neno jingine, ua la fulani au ua wa fulani. Nimelitumia maisha yangu yote bila kulifikiria. Lingeka ilinilazimisha nilifikirie.

Nyua za huku zenyewe ni za minyaa. Unakata fimbo yake, unaichomeka ardhini, inashika hata pasipo mvua ya maana. Haina majani ya kuzungumzia, ni vijiti vya kijani vilivyosongamana, na ukikivunja kimoja kinatoa utomvu mweupe unaoweza kukupofusha. Mbuzi wanajua. Katikati ya shamba la pamba lililokwisha kuvunwa nikaona minyaa imesimama mraba kamili, mirefu kunizidi mara mbili, ndani yake hakuna nyumba wala jiko. Mzee aliyekuwa akipita na baiskeli akasimama. Tukaamkiana mwangaluka kwa mwangaluka, Kisukuma changu kikaishia hapo, akaendelea kwa Kiswahili.

"Unatazama matongo," alisema. Ndivyo wanavyoyaita mahame. Mwaka 1974, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa, kaya nyingi Usukumani ziliacha miji yao. Kuta za udongo zimerudi kuwa udongo zamani. "Sisi tulihama," mzee akasema. "Minyaa ilikataa." Akanionesha upande uliokuwa wa mlango. Kwa kweli palikuwa na pengo, upana wa ng'ombe wawili, na hakuna mche hata mmoja uliothubutu kuliziba.

Ni yeye aliyenipeleka kwenye ngitili yake, malisho anayoyatunza kwa ajili ya kiangazi. Nilitarajia miiba mingine, kumbe hapakuwa na uzio wowote. Palikuwa na mstari tu ambapo ardhi tupu inakoma na nyasi za kahawia zinaanza, zikinifika magotini, na migunga michanga imetapakaa ndani yake. Mvua za kwanza zikianza anaifunga kwa mifugo, na anaifungua kiangazi kinapobana. Anayevamia kabla ya wakati anaitwa kwenye dagashida, mkutano wa jamii, na faini yake ni ya kukumbukwa. Wakati Meatu ingali Shinyanga, kabla Simiyu haijazaliwa mwaka 2012, ngitili zilikuwa zimekaribia kutoweka: misitu ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, na kule kuhama kukawatenganisha watu na nyasi zao. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulipoanza mwaka 1986 zilihesabiwa hekta kama 600 mkoa mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka 300,000. Mzee hakutaja hekta. Alinionesha ndama.

Jua lilipopanda nikapita kwenye majabali, ambako michembe ilikuwa imeanikwa kwenye mwamba wa moto, vipande vyeupe vya viazi vitamu na mtoto mmoja wa kufukuza kuku. Nikapewa viwili. Ni vigumu kama kuni, kisha vinageuka sukari.

Karibu na nyumbani nikadanganyika. Kwenye miiba ya njiani niliona maua meupe, mengi, nikaharakisha. Ni pamba: nyuzi zilizonaswa kutoka kwenye magunia yaliyopelekwa kuuzwa. Nikajicheka mwenyewe. Lakini hatua chache mbele, pembeni ya shamba lililong'olewa lote, ulikuwa umebaki mche mmoja wa pamba, na juu yake ua, la kweli safari hii, la rangi ya maziwa, petali zimejiviringa kama skafu ya hariri. Nikainama na daftari langu.

"Huo nitaung'oa kesho, bwana shamba," sauti ikasema nyuma yangu. Mama wa makamo, jembe begani. Nikaelewa. Miti ya pamba inatakiwa ing'olewe na kuchomwa kabla ya katikati ya Septemba, ili wadudu wa pamba wakose pa kulala mpaka msimu mwingine, naye ameona daftari. Nikamwambia mimi si bwana shamba, napita tu. Hakuniamini.

Siku ya pili nikarudi njia ileile kwenda kutafuta gari. Ua la pamba huchanua jeupe, kesho yake hugeuka jekundu. Lilikuwa pale, la rangi ya waridi iliyokolea, na kuzunguka shina palikuwa na matawi mawili mapya ya mgunga. Mama alikuwa mlangoni.

"Kesho," akaniambia, kabla sijauliza.