Chupa Niliyoitoboa Mimi

Chupa ile ya maji niliijaza mafuta ya taa mimi mwenyewe, na kifuniko chake nikakitoboa kwa msumari mimi mwenyewe, ili nikichoma nyama Jumapili niwe nabinya tu, mafuta yanarukia mkaa. Nimechelewa mno kulisema hilo. Nyumbani kwetu Kimara kisa kilisimuliwa kwa namna nyingine: dada wa kazi aliacha mafuta ya taa ovyo, mtoto akanywa.

Anayenifahamu atashangaa, maana nilijitapa sana. Mwanangu Neema alipoanza kujivuta kwa tumbo, kisha kutambaa, niligeuka fundi. Nilizungushia mpira kona za meza ya kioo. Kitambaa cha meza nikakiondoa, asije akakivuta pamoja na chai ya moto. Ndoo ya maji nikapiga marufuku isibaki sakafuni bafuni, kwa sababu mtoto wa umri ule akitumbukiza kichwa hawezi kujinyanyua, hata maji yawe kidogo. Hayo sijutii. Ila hela nyingi ziliishia kwenye vifuniko vya plastiki vya soketi. Soketi zetu ni zile za Kiingereza za matundu matatu, za kiwango kilichotoka mwaka 1947, na ndani zina vilango vidogo visivyofunguka mpaka mguu mrefu wa plagi uingie tundu la juu. Ndiyo maana sisi wenye chaja za miguu miwili tunachomeka kalamu pale juu. Nilinunulia kinga kitu chenye kinga yake tayari, na kila mgeni nikamwonyesha.

Chupa yangu ilikaa kwenye kibaraza cha nyuma, kando ya jiko la mkaa, mahali ambapo mtoto alikuwa hafiki. Alikuwa hafiki wiki iliyotangulia.

Jumamosi ile Mama Neema alikuwa kwenye kikoba. Dada akaniambia, "Baba Neema, naomba uniangalizie mtoto, naanika nguo." Nikasema haya, macho kwenye mpira. Kilichonishtua ni kikohozi. Nilimkuta amekaa kibarazani, tundu la kifuniko mdomoni, kifua chote kinanuka mafuta. Nikamtia kidole kooni, nikamnywesha maziwa, kwa kuwa ndivyo nilivyowaona wakubwa wakifanya tangu utotoni.

Daktari alinieleza baadaye, bila kupandisha sauti, kwamba hatari kubwa ya mafuta ya taa haiko tumboni, iko mapafuni. Ni mepesi, yanateleza haraka kuingia njia ya hewa, na ukimtapisha mtoto unayapitisha pale pale kwa mara ya pili. Maziwa yanamwongezea tu cha kutapika. Nilichotakiwa kufanya ni kumvua nguo iliyolowa, kumsafisha ngozi na kumkimbiza hospitali, basi. Alipigwa picha ya kifua, akawekewa oksijeni, akalazwa. Alipona, na sasa anakimbia nyumba nzima.

Linalonitia aibu zaidi ni hili. Mama Neema alipofika hospitali alimgeukia dada: "Wewe ulikuwa wapi?" Binti akanitazama. Hakusema neno, alisubiri mtu mzima aseme. Nikasema, "Tusigombane hapa, tuangalie mtoto kwanza." Ilisikika kama busara. Usiku Mama Neema aliposema binti aondoke, nikajibu kwamba labda ni vizuri. Tena tukamkata sehemu ya gharama za matibabu kwenye mshahara wake, na hela zilizobaki nilizihesabu mimi. Akapanda basi kurudi kwao Singida.

Ningeweza kusema niliogopa ndoa kuyumba. Si kweli, Mama Neema angefoka siku mbili yakaisha. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi. Binti hakuwa na wa kumtetea pale, na mimi nilikuwa baba wa vifuniko vya soketi, nisingeweza tena kuwa baba wa ile chupa.

Nilisema siku Mama Neema alipokuwa akimpa dada mpya masharti ya nyumba. La kwanza kabisa lilikuwa, "Usiache mafuta ya taa ovyo kama mwenzako." Nikamwita Mama Neema chumbani, nikamweleza yote, pamoja na lile la kuachiwa mtoto. Hakupiga kelele. Aliuliza kama namba ya binti bado ninayo.

Nikatuma kwanza ile hela tuliyomkata, ndipo nikapiga. Kabla sijasema lolote aliuliza, "Neema hajambo?" Nikamwomba radhi, na nikamwambia Mama Neema sasa anajua. Kimya kidogo, kisha akasema hela ameiona. Nikamuuliza kama angependa kurudi.

"Hapana, baba. Mama yupo karibu? Mpe simu."

Nikampa.